Makaa Mapya Juu ya Majivu

Pyo Jong-gu alipiga magoti nyuma ya nyumba ya Mama Deok-su, mbele ya tundu la moto uliopasha sakafu ya chumba cha kupanga, akavuta ile sahani ya bati iliyolifunika. Kwanza alinusa. Halafu akaingiza mkono mtupu, taratibu, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali. Ndani palikuwa baridi, tena si baridi ya moto uliozimika alfajiri. Ilikuwa baridi ya jiwe la mtoni.

Alikuwa mpelelezi wa kituo cha polisi cha Dolmaru, mji uliozaliwa na kambi ya jeshi. Kabla Wamarekani hawajaja palikuwa na mpunga na kinu kimoja cha maji. Sasa kulikuwa na vilabu, mafundi cherehani, nyumba za kupanga, na lango kubwa ambalo asubuhi lilimeza wafanyakazi na jioni likawatema. Asubuhi hiyo Tak Seong-ho, mkalimani wa kambini, alikutwa amekufa katika chumba alichopanga kwa Mama Deok-su. Mtaa mzima ukasema ni gesi ya makaa. Hakuna aliyeshangaa. Kila mwaka, baridi ikianza na watu wakianza kupasha sakafu, gesi hiyo hupenya kwenye nyufa na kuondoka na mtu usingizini, na majirani hubaki kusimulia jinsi maiti ilivyoonekana kama mtu mwenye afya aliyelala.

Mama Deok-su alikamatwa kabla hajavua kilemba cha kazini, kwa kuwa sakafu ya chumba kile ilikuwa na ufa na mpangaji alikuwa ameulalamikia. Kesho asubuhi gari lingempeleka mjini kwa mwendesha mashtaka. Mjane wa mtaani akifika kule na maiti mgongoni, harudi mpaka nywele zake zibadilike rangi.

Pyo alichukua koleo, akatoa kipande cha juu. Hayo makaa hutengenezwa mviringo kama keki, yenye matundu ya kupitisha hewa, na hupangwa kimoja juu ya kingine. Cha juu kilikuwa cheusi tititi, kizima, hakijaguswa na moto hata ukingoni. Akatoa cha chini. Kilikuwa kimekwisha kuungua chote, rangi ya biskuti, na alipokibana kidogo kikamomonyoka mikononi mwake.

Alivipanga vyote viwili juu ya gazeti, akavitazama kwa muda mrefu.

"Kuna nini, mzee?" Aliyeuliza alikuwa Deok-su, mwana wa mwenye nyumba, kijana aliyeosha masufuria katika jiko la kambi. Alikuwa amesimama kando akiwa bado na aproni, macho mekundu.

"Jana nani alitia makaa?"

"Mama. Alitia asubuhi, kabla hajaenda kwa mama mdogo kutia kabichi chumvi. Wanaweka kimchi ya baridi nzima, wasingemaliza bila yeye, na kafyu ikamfungia hukohuko. Alimwambia Kaka Tak, ukirudi kazini usisahau kubadili makaa, usije ukaganda kama samaki."

"Naye akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, dada mkubwa, mimi nimelala jeshini juu ya theluji. Lakini alikuwa akibadili kila siku. Alijua."

"Anayejua hufanyaje akikuta makaa ya chini yamekufa kabisa?"

Deok-su alimtazama kama anayeulizwa mvua inanyesha kutoka wapi. "Anaenda kwa jirani kuomba kipande chenye moto. Au anawasha kile kidogo cha kuwashia. Huwezi kuweka kipya juu ya majivu, mzee. Ni sawa na kuweka chungu juu ya…" Akayatazama yale makaa juu ya gazeti, na uso wake ukabadilika.

"Funga mdomo," Pyo alimwambia kwa upole. "Uliyoyaona usimwambie hata mto unaolalia."

Ndani ya chumba kulikuwa na mtu anatembea. Pyo alisikia visigino. Alizunguka, akavua viatu kizingitini, na ndipo alipomkuta Bwana Maeng katikati ya sakafu, amesimama na viatu vyake juu ya karatasi ya mafuta iliyotandikwa sakafu nzima, aliyoing'arisha Mama Deok-su kwa mikono yake. Maeng alikuwa mtu wa ofisi ya usalama. Watu wa Dolmaru hawakulitaja jina la ofisi hiyo. Walinyoosha kidole juu, kama wanaoonyesha paa.

"Wewe Pyo," alisema Maeng, mdogo wake kwa umri, bila hata kuongeza neno la heshima. "Nasikia umegeuka fundi wa majiko."

"Nazeeka, bwana. Najitafutia kazi ya pensheni."

"Kesi hii ina nini cha kunusanusa? Sakafu ina ufa. Mwanamke ni mzembe. Mkalimani amekufa. Jirani zetu wa kambini wamesikitika, wametuma salamu za rambirambi. Mkuu wako ameridhika."

"Nami nakaribia kuridhika. Imebaki jambo moja dogo tu." Pyo alichuchumaa akapitisha kiganja kwenye ufa. "Nyumbani kwako, bwana, mnabadili makaa mara ngapi kwa siku?"

Maeng alikunja uso. "Nitajuaje? Hiyo kazi ya mke wangu."

"Na kabla ya mke?"

"Mama yangu. Ulitaka nijipake masizi mimi mwenyewe?"

"Hapana. Ndivyo tulivyolelewa sote," Pyo alisema. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka mingi, na kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni.

Maeng alimtazama, kisha akatazama ufa, kisha akamtazama tena. "Kama huwezi kukaa bila kunusa, nenda kanuse kambini. Kuna koplo mmoja aligombana naye klabuni juzi, kwa ajili ya mwanamke. Watu waliona. Lakini mauti yalimkuta mkalimani chumbani kwake, amelala, na gesi haimuulizi mtu pasipoti." Akatoka, na alama za viatu vyake zikabaki sakafuni.

Jambo hilo lilimkera Pyo kuliko matusi. Mtu aliyetaka kesi ifungwe kwa ufa alikuwa amempa mshukiwa wa pili, bila kuombwa.

Alimkuta Sajini Tolliver katika duka la mchuzi mkabala na lango. Tolliver alikuwa polisi wa kambi, mnene, mwenye mvi, na alikuwa ameoa mwanamke wa sokoni Dolmaru. Kikorea chake chote alikitoa jikoni kwa mkewe, kwa hiyo alizungumza kama mama muuza samaki, na watu walimpenda kwa hilo. Mbele yake sufuria ilikuwa ikitokota: kimchi, kitunguu, na vipande vya soseji vilivyotoka nyuma ya ukuta kwa njia asizoziuliza mtu.

"Jamani, shemeji, keti mwenzangu, umekonda," alisema Tolliver. "Unakula au unakuja kunila mimi?"

"Koplo aliyegombana na Tak."

"Yuko milimani kwenye mazoezi ya shabaha tangu wiki iliyopita. Analala hemani na wenzake na anakoroma, watakuapia wote. Nani kakupa huyo?"

"Mtu mmoja aliyevaa viatu ndani ya nyumba."

Tolliver aliacha kijiko. Mwenye duka, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, aliweka bakuli mbele ya Pyo na kubaki palepale akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Mtu wa watu alikuwa Tak," mwenye duka alisema. "Ila mdomo wake ulikuwa mnyoofu mno. Wale wajumbe wa bunge la kwao huyu shemeji walipokuja kuuliza kambi ibaki au iondoke, mkalimani wa zamani angewapa asali. Yeye akawapa dawa chungu, neno kwa neno. Mimi nilisema, huyu mtoto atatuponza. Hawa Wamarekani wakiondoka, askari wa kaskazini watakunywa chai hapa kabla haijapoa. Nilikimbia vita na mtoto mgongoni. Sitakimbia tena, magoti hayataki."

"Na mtu wa boila, yule fundi wa mtambo wa maji moto kambini waliyemwita aseme mbele ya wajumbe, amerudi?" Pyo aliuliza.

Mwanamke alipangusa meza. "Nani? Simjui mtu wa boila," akasema, akaenda jikoni kwake.

Pyo alikula vijiko viwili vya mchuzi. "Nieleze ya mkutano," alimwambia Tolliver.

"Nilisimama mlangoni. Wajumbe waliuliza: kambi hii inawalinda ninyi, au inamlinda anayewatawala? Yule wa boila akasimama. Akasema, inatulinda sisi dhidi ya wa kaskazini, na inamlinda anayetutawala dhidi yetu. Akasema ndugu yake alidai nyongeza ya mshahara, akachukuliwa na watu wa usalama, akarudi hawezi kushika vijiti vya kulia. Tak akatafsiri yote. Hakumung'unya hata neno. Bwana Maeng alikuwa safu ya mbele, na Kiingereza kidogo anacho."

"Halafu?"

Tolliver aligeuza soseji kwenye sufuria, akairudisha ilipokuwa. "Halafu jana baada ya kazi Tak alikuja chumba cha walinzi. Akasema, kaka, naomba nilale ndani leo. Popote, hata kwenye benchi. Nikampigia mkubwa wangu simu. Mkubwa akasema huyo ni raia wa nchi hii, na sisi ni wageni. Mgeni haingilii ugomvi wa mwenye nyumba. Nikamtoa langoni kwa mkono wangu huu."

"Nani alikuwa nje?"

"Gari jeusi aina ya jipi. Bwana Maeng alimfungulia mlango yeye mwenyewe, kwa adabu, kama anampeleka harusini."

Pyo aliweka kijiko chini. "Utayasema haya mahakamani?"

"Shemeji, mkataba unasema askari wetu hatoi ushahidi kwenu bila ruhusa ya juu. Nitaomba. Watakataa. Mwezi ujao wanatia saini kukaa hapa miaka mingine." Alijifuta jasho, ingawa mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwa ukikata. "Usinifikirie vibaya. Nilipigana katika nchi hii nikiwa sina ndevu. Niliwaona hao wa kaskazini wakija, niliona walichoacha nyuma. Usiniambie kambi haina kazi."

"Sikusema haina kazi. Mwenyewe nimezika kaka wawili vita vile," Pyo alisema. "Nauliza tu mgeni hufanya nini anapoona mwenye nyumba anamkaba mtoto."

"Anageukia dirishani," alisema Tolliver. "Chumba alichopewa ni kizuri."

Pyo alikuwa akipanga mambo kichwani kama alivyopanga makaa juu ya gazeti. Tak alichukuliwa langoni akiwa hai. Asubuhi alikutwa kitandani, na sakafu baridi. Mama mwenye nyumba hakuwepo kutia makaa, moto ulikufa wenyewe jioni, na mtu ambaye maisha yake yote moto umewashwa na wanawake akatupia kipande kipya juu ya majivu, akaamini kazi imekwisha. Lakini vipande viwili vya makaa, mbele ya mwendesha mashtaka aliyeteuliwa na watu walewale, ni uchafu tu wa kufagia.

"Maiti iko wapi?"

"Kwetu, hospitali ya kambi. Deok-su aliita gari letu, ndilo lililokuwa karibu. Jioni Bwana Maeng analeta gari, wanamchoma leo leo."

"Daktari wenu amesema ni gesi?"

"Daktari wetu hajaulizwa."

"Kanuni zenu zinasema maiti apewe nani?"

Tolliver alifikiri, na polepole akanyooka kitini. "Ndugu wa damu. Aangalie uso, akubali kuwa ndiye, ndipo atie saini. Haikabidhiwi ofisi." Akakuna shavu. "Hiyo ni kanuni, shemeji. Kwa kanuni siombi ruhusa ya mtu."

"Mama yake amefika na gari moshi la mchana," Pyo alisema, akainuka.

Alipita kituoni kwanza, kwa kuwa alitaka Mama Deok-su ajue kuwa moto haukumuua mtu. Alimkuta nyuma ya nondo, amekaa wima, mikono mapajani, kidole gumba cha kulia kimepakwa wino mwekundu.

"Umetia kidole wapi, Mama Deok-su?"

"Kwenye maneno yangu. Bwana Maeng alikuja na mkuu wako. Nimekubali. Nilijua sakafu ina ufa, sikuuziba."

"Sikiliza. Nimefungua tundu. Moto ulikufa kabla…"

"Najua," alimkatiza. "Nimewasha makaa tangu siku niliyoolewa. Niliporudi asubuhi nikakuta sakafu baridi kama jiwe, nilijua kabla yako. Bwana mpelelezi, wewe ni mtu mwema, lakini usinisaidie. Mwanangu ana kibali cha kambi, na kibali hutolewa na ofisi ile. Bwana Maeng ameniuliza kama najua aliko mtu wa boila. Nikasema sijui. Akasema, hata mkewe hajui. Akauliza, Deok-su naye anapenda kuongea?"

"Watakufunga, dada."

"Mimi nitatoka. Alikoenda wa boila, nani ametoka?"

Pyo alishika nondo kidogo, akaziachia. Sasa alijua hawezi kumtetea kwa mdomo wake; neno lolote likitoka kwake, lingelipwa na kijana yule mwenye aproni. Lazima litoke mahali ambapo Maeng hawezi kulifuata hadi kinywani mwa mtu mmoja.

Jua lilikuwa limeinama juu ya ukuta wa kambi alipofika langoni na mama yake Tak. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, amejifunga nguo nyeupe, mkononi ameshika furushi la sanda aliyoishona mwenyewe ndani ya gari moshi. Njia nzima Pyo hakumweleza kitu. Aliulizwa mara moja tu, "Aliumia?" akasema, "Sikumwona, mama. Wewe utamwona."

Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Waliotoka walikuwa wakitoka, walioingia walikuwa kwenye mstari: wapishi, madereva, wafua nguo, mafundi. Gari la Maeng lilikuwa limeegeshwa kando, injini ikiunguruma. Wanajeshi wawili walisukuma kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mstari mweupe uliochorwa barabarani, pale kambi inapokwisha na nchi inapoanza, wakasimama.

"Pakieni," alisema Maeng.

"Bado, mwenzangu," alisema Tolliver. "Mama aone uso kwanza. Ndiyo kanuni yetu."

"Ataona huko kwenye tanuri."

"Basi na maiti itasubiri huku kwetu."

Maeng aliangalia watu kwenye mstari, akaangalia saa, akatabasamu. "Aone. Haraka."

Bibi alisogea. Alifunua shuka kwa vidole viwili, kama anayeangalia mtoto mchanga amelala. Alitazama uso, akatazama masikio, akafunua mpaka kifuani. Wafanyakazi walio karibu walivua kofia. Na mmoja mmoja wakaona kile anachokiona, kwa kuwa mtaani kwao hakuna nyumba ambayo haijawahi kufiwa kwa gesi, na kila mtu anajua gesi humwacha mtu mwekundu, mashavu ya waridi, kama aliyetoka kuoga maji ya moto. Tak alikuwa na rangi ya samadi iliyokauka. Shingoni alikuwa na michirizi ya buluu.

"Mume wangu alikufa kwa makaa," bibi alisema, bila kupaza sauti. "Mume wangu alikuwa mwekundu. Mwanangu huyu nani kasema ni makaa?"

Swali likapita kwenye mstari kutoka sikio hadi sikio. Wa nyuma wakauliza wa mbele, wa mbele wakasogea kando wengine waone. Deok-su alikuwa miongoni mwao, na hakusema kitu, wala hakuhitaji. Aliyetakiwa kuingia hakuingia. Aliyetoka hakuondoka.

"Mfunike," Maeng alisema. Akamgeukia Pyo, sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyemfundisha."

"Sikumwambia neno. Muulize."

Simu ililia katika kibanda cha walinzi. Tolliver aliingia, akasikiliza, akatoa kichwa. "Bwana Maeng, ni yako. Kanali anauliza kwa nini zamu ya jioni haijaingia. Boila inapoa na wajumbe wanakula chakula cha usiku."

Maeng aliongea na simu akiwa amewapa mgongo. Aliporudi, tabasamu lilikuwa limebaki kibandani.

"Yule mwanamke mwachie," alimwambia Pyo. "Andika moyo wa mkalimani ulisimama wenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia la kumwachia. Waambie na hawa, bwana. Mimi sauti yangu ndogo."

Maeng alimtazama kwa muda, macho ya mtu anayeweka uso wa mwenzake mahali atakapoukuta siku nyingine. Kisha akawageukia watu akasema mwenye nyumba hana kosa, anarudi kwake leo, sasa nendeni kazini.

"Na mwenye kosa?" aliuliza bibi.

Sajini Tolliver alitazama viatu vyake. Mwenye duka la mchuzi, yule aliyesema hatakimbia tena, alivuka barabara amebeba birika la maji ya vuguvugu kwa mikono miwili, akaliweka chini kando ya kitanda. Nyuma yake wafua nguo wakaleta beseni. Bibi alifungua furushi lake, akakunja mikono ya nguo, akaanza kumwosha mwanawe palepale, juu ya mstari mweupe, na lango likabaki wazi bila mtu wa kupita.

Upepo uliinua shuka. Walihitaji mtu wa kuishika upande wa pili, kumsitiri marehemu na macho ya barabarani. Pyo Jong-gu alivua koti lake la polisi, akalikunja, akaliweka juu ya boneti ya gari la Maeng. Halafu akaenda akashika ncha ya shuka.